Uuguzi au zege: piga hesabu hizi kabla hujalipa ada

Mdogo wangu, kabla hujamwambia mama kwamba unakwenda chuo cha uuguzi, na kabla hujamwambia mjomba kwamba Jumatatu utakuwa saiti, weka matokeo yako ya kidato cha nne mezani uyasome taratibu. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza, na mimi nimepita kote kuwili. Miaka miwili na nusu nilikuwa saidia fundi hapa Kihonda, Morogoro. Leo ni muuguzi.

Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka angalau D nne za masomo yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza zinakuongezea nguvu. Kama mojawapo ya yale matatu ina F, anayekuambia "lete laki mbili nikupitishe" anazitaka laki mbili zako tu. Dawa yake ni kurisiti. Mimi nilimaliza 2014 nikiwa na F ya Fizikia, nikarudia mtihani Novemba 2015 kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana nilibeba karai, usiku nikasoma kwa mwanga wa simu. Ada ya mtihani ule ilitoka kwenye zege.

Sasa njoo kwenye pesa, na hapa uwe mkweli na nafsi yako. Mjomba atakuambia saiti inalipa kila siku. Ni kweli, inalipa kila siku unayofanya kazi. Mwaka 2015 nililipwa 10,000 kwa siku na nilikuwa na daftari la kuandika kila siku niliyofanya kazi. Nilidhani mwezi ni siku 26. Daftari likaniambia ni 17. Masika yakianza mchanga unalowa na mwenye nyumba anasimamisha kazi. Aprili ya mwaka ule nilipata siku tisa. Msingi ukiisha, mwenye nyumba anakwenda kutafuta pesa ya tofali, nanyi mnakaa. Kwa hiyo 170,000, toa chakula cha mchana 2,000 kwa siku, zinabaki 136,000, na hapo hujampa mama ya unga wala hujanunua sabuni. Ukitaka kupanga maisha kwa kibarua, usizidishe kwa 26. Fanya miezi miwili, hesabu siku zako mwenyewe, ndipo upange.

Upande wa chuo kosa ni lilelile kwa sura nyingine: watu wanahesabu ada peke yake. Ada yangu ilikuwa 1,300,000 kwa mwaka. Juu yake kuna sare, viatu, bima ya afya, michango ya mitihani, mashine ya kupimia presha, chumba, chakula, na nauli unapopelekwa hospitali ya mbali kwa mafunzo ya vitendo. Ombeni chuo kiwape mchanganuo wote kwa maandishi, wa miaka yote mitatu, kisha mzazi na wewe mkae muandike nani atalipa nini, muhula kwa muhula. Wanaoacha chuo nimewaona wengi, na mara nyingi hawaachi kwa sababu ya masomo. Wanaacha muhula wa pili, pesa ya kwanza ikishaisha. Mimi nilinusurika kwa sababu kaka yangu, tuliyeanza naye saiti siku moja, alikuwa ameshakuwa fundi mwashi na alinilipia nusu ya muhula ule.

Ada ya mwaka wa kwanza niliipata hivi: nilitengeneza kibubu cha mbao, nikampa bibi akae nacho, na kila siku ya kazi niliingiza 4,000 kabla sijafika nyumbani. Januari 2016 hadi Agosti 2017, miezi ishirini, kikafikisha kama 1,360,000. Ukichagua kuanza na kibarua ili ukasome baadaye, andika tarehe ya kuondoka ukutani. Bila tarehe, mwaka mmoja unakuwa mitano, nami ninawajua wenzangu waliobaki na "mwakani nakwenda chuo" hadi leo. Wewe una nafuu ambayo mimi sikuwa nayo: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo. Omba mapema, na cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe kabla ya foleni.

Baada ya pesa, pima mwili na moyo. Kazi zote mbili ni za mikono, asikudanganye mtu. Saiti utabeba mfuko wa saruji wa kilo 50, na siku ya slabu zege halisubiri: mnaanza alfajiri na hamtoki mpaka limekwisha. Vaa gambuti na glavu, maana saruji mbichi inaunguza ngozi, na mguu wangu wa kulia una kovu la siku niliyoingia na ndala. Lakini mgongo wangu uliumia wodini. Mgonjwa wa kiharusi asiyejigeuza anageuzwa kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na usiku mara nyingi mko wawili kwa wodi nzima. Utasafisha kinyesi, utapokea matapishi, utaandaa mwili wa mtu uliyekuwa unaongea naye jana, kisha utanawa mikono na kwenda kitanda kinachofuata ukiwa na sauti ileile ya upole. Hicho ndicho cha kujiuliza. Sindano unajifunza, hesabu ya matone ya dripu unajifunza. Uvumilivu wa kutukanwa na ndugu wa mgonjwa mwenye hofu saa nane usiku, huo uje nao angalau kidogo.

Kipimo cha saiti ni kingine. Baada ya wiki moja, jiangalie: unatazama fundi anavyoshika pima maji na timazi, au unatazama jua tu? Kama unatazama mikono ya fundi, una njia huko, na ni njia nzuri. Anayebeba karai miaka mitano bila kushika mwiko atabaki kibarua. Kwa hiyo chagua fundi anayefundisha hata kama anapunguza elfu moja kwenye posho, na baada ya miezi mitatu mwombe kona ya kupanga tofali. Ukishaiva, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa ulichojifunzia kazini na kupewa cheti, na cheti hicho kinakuingiza kwenye miradi mikubwa. Halafu uliza swali ambalo kaka hakuuliza: nikianguka, nani ananitibu? Yeye alianguka kwenye jukwaa, akavunjika mkono, akakaa miezi mitatu bila senti, na mwenye nyumba hakuja hata kumwona. Jiandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mchangiaji wa hiari, uanze na kidogo.

Kwa uuguzi kinga yake ni chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu. Hakikisha umechanja kabla hujaingia wodini. Ukichomwa na sindano iliyotumika, usifiche kwa aibu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, toa taarifa papo hapo, uanzishiwe dawa za kujikinga na VVU haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72.

Kuchagua chuo: fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, utafute jina la chuo na kozi yenyewe. Kama hakimo, usilipe. Kisha nenda ukaongee na wanafunzi wa mwaka wa pili nje ya geti, siyo ofisini. Waulize wanafanyia vitendo hospitali gani, na kila mmoja ameshazalisha akina mama wangapi. Chuo chenye majengo mazuri na wanafunzi ishirini wanaozunguka kitanda kimoja kitakupa cheti bila mikono. Ada ilipwe benki, risiti uhifadhi.

Kuna jambo sikuambiwa, nami nakuambia. Ukimaliza, bado kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na ukishaipata leseni, ajira haikusubiri mlangoni. Nafasi za serikali zikitangazwa, waombaji ni wengi kuliko nafasi. Mimi nilijitolea miezi kumi na minne kwa posho ya nauli, na kituo kile kiliwahi kukaa miezi mitatu bila kunilipa hata hiyo. Siku za mapumziko nilirudi kwa kaka kupiga plasta. Kwa hiyo kwenye mpango wako usiandike miaka mitatu, andika minne, na huo wa nne uwe umeshajua utakula wapi.

Mjomba anasema uuguzi ni kazi ya wanawake. Mama anasema zege ni kazi ya walioshindwa shule. Wote wanakupenda na wote wamekosea. Nimewahi kumshika mkono mzee aliyekataa kuoshwa na mtu yeyote ila mwanamume mwenzake. Na nyumba anayolala mama ilijengwa na kaka.

Jumamosi hii kaka anamwaga slabu na anahitaji watu wanane. Njoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi na gambuti zako, nimeshamwambia. Jumapili jioni, saa za kuona wagonjwa, njoo wodini nilipo. Babu wa jirani yetu amelazwa na hana wa kumlisha. Utamlisha wewe uji, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli liishe. Jumatatu ndipo umjibu mama.