Kujiandaa kwa Mtihani wa IELTS kwa Gharama Ndogo

Gharama isiyoepukika katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, ni ada ya mtihani wenyewe. Mengine karibu yote hupatikana bure, na katika kazi yangu ya kuwaandaa watahiniwa nimeona kwamba anayefanya majaribio machache na kuyasahihisha kwa makini humpita anayenunua rundo la vitabu.

Hatua ya 1. Iulize taasisi unayoomba nafasi kama inataka Academic (aina ya mtihani kwa masomo ya chuo kikuu) au General Training (kwa kazi, mafunzo au uhamiaji), na alama ngapi, kati ya 0 na 9, kwa kila stadi. Matokeo kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka 2, kwa hiyo usikimbilie kulipa ada kabla ya wakati.

Hatua ya 2. Pakua sampuli za maswali kutoka tovuti rasmi ya mtihani, kisha ufanye jaribio zima kwa kufuata saa: kusikiliza kama dakika 30, kusoma dakika 60 na kuandika dakika 60. Usiirudishe sauti nyuma, kwa kuwa siku ya mtihani utaisikia mara moja tu.

Hatua ya 3. Fungua daftari la makosa. Kwangu mimi hii ndiyo hatua inayozaa matunda kuliko zote. Usiandike jibu sahihi pekee, bali andika na sababu ya kukosea. Msemaji akitaja Alhamisi, kisha akajirekebisha na kusema Ijumaa, aliyeandika Alhamisi amesikia vizuri ila hakusubiri, na dawa yake si kujifunza msamiati zaidi. Katika kusoma, ambako huulizwa kama kauli ni kweli, uongo au haikutajwa, kifungu kikieleza kwamba jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1950, na kauli ikadai kuwa kiingilio ni bure, jibu si "uongo" bali "haikutajwa", maana kifungu kimenyamaza kuhusu jambo hilo. Swali usilolijua lijibu hata hivyo, kwa sababu jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Hatua ya 4. Kazi ya kwanza ya kuandika hudai maneno 150 au zaidi, na ya pili 250 au zaidi. Ya pili ina uzito maradufu, hivyo itengee dakika 40. Vigezo vya usahihishaji vimewekwa wazi kwa umma: kulijibu swali, mtiririko, msamiati na sarufi. Mwombe anayekuzidi Kiingereza aipime insha yako kwa vigezo hivyo. Insha za kukariri, ambazo wengi huzinunua, watahini huzitambua na hushusha alama.

Hatua ya 5. Sehemu ya mazungumzo huchukua dakika 11 hadi 14. Chagua mada, jiandae dakika 1, kisha zungumza hadi dakika 2 huku simu ikikurekodi. Jisikilize ukiwa na kalamu mkononi, uandike kila mahali uliposita kwa kukosa neno, na uirudie mada hiyohiyo siku hiyohiyo.