Nanoimalsheni ya manjano: ninavyoipima kama itadumu

Siku ya kwanza kila chupa ya nanoimalsheni, yaani matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanywa majini, hupendeza, kwa hiyo usiiamini. Napima ukubwa wa chembe (matone hayo) saa ileile, kisha naigawa dawa kwenye vichupa vya kahawia, maana kurkumini, kemikali ya njano iliyo kwenye bizari ya manjano, haipatani na mwanga, na pH ikizidi 7 huvunjika upesi. Vichupa vingine vinakaa jokofuni nyuzi 4, vingine nyuzi 25, vingine nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75.

Ukirudi kupima, usitazame wastani peke yake. Mwaka jana wastani wangu ulibaki nanomita 140, nikashangilia. Kumbe kipimo cha mtawanyiko, kinachoonyesha jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa, kilikuwa kimepanda kutoka 0.18 hadi 0.41: chembe kubwa zilikuwa zinazimeza ndogo. Inua kichupa dirishani, sekunde chache tu, uchungulie shingoni. Ukiona duara jembamba la njano limeelea juu, mafuta yameanza kujitenga.

Chaji ya chembe ikizidi milivolti 30, chanya au hasi, kwa kawaida husukumana. Ila ukitumia Tween 80, kiunganishi cha mafuta na maji kisicho na chaji, usikeshe na namba hiyo. Minyororo yake inayopenda maji ndiyo inayozizuia chembe kukaribiana.

Na friza? Bechi yangu moja iliganda humo usiku kucha. Ilipoyeyuka, mafuta huku, maji kule.