Namna ya kutafuta wazo la biashara Mtwara na Lindi

Kabla ya kuwaza bidhaa yoyote, chora kalenda. Huku Kusini pesa inakuja na mazao. Andika miezi kumi na miwili kwenye karatasi, kisha jaza: ufuta unauzwa Juni na Julai, mbaazi zinafuata kuanzia Agosti, minada ya korosho inaanza Oktoba na kusogea hadi mwisho wa mwaka. Februari hadi Aprili ni mvua na palizi, mifuko mitupu. Chini yake andika matumizi: sherehe za jando, unyago na harusi baada ya mavuno, sare na madaftari Januari, salfa na dawa za mikorosho kuanzia Mei. Maduka mengi yanayofunguliwa Novemba hufa Machi kwa sababu mwenye duka alihesabu wateja wa msimu akadhani ndio wa mwaka mzima.

Kisha shika daftari, ukae wiki mbili mahali watu wanapokwama: stendi, feri wavuvi wanaposhusha samaki, gulio la kijijini, nje ya ofisi ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Chora safu nne: nani, amekwama wapi, sasa hivi anafanyaje, na analipa shilingi ngapi. Safu ya nne ndiyo yenye uzito. Shida ambayo hakuna anayeilipia hata mia, mara nyingi haina soko.

Usimuulize mtu, "Nikileta kitu hiki utanunua?" Atakujibu ndiyo kwa adabu tu. Mwamkie, msubiri amalize kupimiwa mzigo wake, halafu uliza yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho mashine ilipoharibika uliipeleka wapi, ulisubiri siku ngapi, ulitoa kiasi gani?

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme daftari lako limejaa wakulima wasio na mashine ya kupulizia mikorosho. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inafika kama miti 28 kwa eka. Kwa kipimo cha gramu 250 za salfa ya unga kwa mti, eka moja inakula kilo 7 kwa mzunguko mmoja wa kupulizia, na mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100. Hapo wengi hushangilia, wanahesabu miti ya kijiji kizima. Lakini salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, na upepo ukiwa umetulia. Jua likipanda, kazi imekwisha. Kwa hiyo hesabu miti ya asubuhi, usihesabu ya siku nzima. Kama mashine inamaliza miti 80 kwa asubuhi, na katika siku 21 za mzunguko unapata asubuhi 15 za kufanya kazi baada ya kutoa siku za upepo na matengenezo, uwezo wako ni miti 1,200, yaani mashamba kama 14 ya eka tatu tatu. Ukipokea wateja 30, nusu yao watapuliziwa wakati ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaozuiwa kwa salfa, umeshakula maua, na mwakani hawatakuita.

Sasa rudi kwenye kalenda. Juni na Julai, mkulima anayetegemea korosho peke yake hana pesa mkononi. Ama uanze na wale waliouza ufuta, ama ukubaliane malipo mara mbili: sehemu ya kwanza ilipe petroli, oili, mpulizaji na nauli ya bodaboda, iliyobaki ilipwe baada ya mnada, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Kama sehemu ya kwanza haifikii gharama hizo, achana na wazo hilo, hata kama wateja wamejaa.

Njia nyingine ni kutazama malori. Korosho na ufuta vinaondoka ghafi. Viazi mviringo vinaletwa kutoka nyanda za juu. Kwa kila mzigo uliza nani anauchambua, nani anaufungasha, nani anauhifadhi, na ni kiasi gani kinaoza njiani.

Kubangua korosho ndilo wazo linalomjia kila mtu, nalo linadai tahadhari. Kilo moja ya karanga za korosho inahitaji kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Zilizovunjika bei yake ni ya chini, kwa hiyo mkono mzito unakula faida. Mafuta ya maganda yanaunguza ngozi, lazima glavu. Na korosho ghafi usizinunue mlangoni kwa mkulima: hiyo ni kangomba, ni kosa kisheria, na mzigo unaweza kutaifishwa. Kabla ya kununua mashine, uliza Bodi ya Korosho utaratibu wa mbanguaji mdogo kupata malighafi.

Wazo likibaki, lijaribu kwa kiasi kidogo ambacho kikipotea hutalala njaa, na uwauzie watu wasiokujua. Sifa za shangazi na majirani usizihesabu. Angalia nani amerudi kununua mara ya pili bila kuitwa.

Mkopo uje baadaye, na ratiba yake ilingane na kalenda uliyochora. Marejesho ya kila mwezi kwa biashara inayoingiza pesa miezi minne yamewanyang'anya wengi vyombo vyao. Ulizia kwanza mikopo isiyo na riba ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kama ni chakula cha kufungasha, pita ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mtwara au Lindi, uulize kuhusu vifungashio na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, kabla hujachapisha lebo hata moja.