Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukata Tiketi ya Ndege ya Safari Ndefu

Pasi ya kusafiria iwe na miezi sita mbele kabla ya kuisha. Unajua, angalia tena hata hivyo. Visa ya kupitia, ya nchi utakayobadilishia ndege, nayo iulizie mapema. Marekani, kwa mfano, haijali kwamba unabadilisha ndege tu: uhamiaji utapita.

Umbali. Los Angeles hadi Sydney ni kama kilomita 12,000. Gawa kwa mwendo wa ndege kubwa, kilomita 900 kwa saa, unapata saa 13 na ushee. Usiishie hapo. Upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ukielekea Los Angeles unaisukuma ndege, ukirudi Sydney unaikaba, na safari ileile inakaribia saa 15.

Sasa lile lililonichoma. Saa za kwenye tiketi ni za mji husika: ya kuondoka ni ya unakotoka, ya kufika ni ya unakokwenda. Mimi niliondoka Los Angeles Jumanne saa 22:30, yaani saa nne na nusu usiku. Nikahesabu vidoleni: saa kumi na tano, Jumatano mchana niko Sydney, nalala, Alhamisi saa tatu asubuhi naingia kwenye usaili. Hoteli nikalipia usiku wa Jumatano. Pembeni ya saa ya kufika palikuwa na alama ndogo, +2. Nikadhani ni idadi ya mabegi.

Huko katikati ya Pasifiki tukavuka mstari wa tarehe, ule wa kufikirika ambao ukiuvuka kwenda magharibi kalenda inaruka siku moja mbele, Jumatano yangu ikamezwa nzima. Tulitua Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hoteli walishaandika kwamba sikutokea, na pesa hairudi. Mswaki nilipiga kwenye vyoo vya uwanjani, shati nikalinyoosha kwa viganja vyenye maji. Kwenye usaili niliulizwa jina la chuo nilichosoma, nikataja namba ya kiti changu kwenye ndege.

Soma hiyo +1 au +2, yaani unafika siku ngapi baada ya tarehe ya kuondoka, kabla hujalipia kitu kingine chochote. Na ndege ya saa 00:30 tarehe 12 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo uwanjani unatakiwa tarehe 11 jioni. Nimemwona bwana mmoja akifika siku moja baadaye, kapendeza, mabegi kayafunga vizuri, wa kwanza kwenye foleni.

"Moja kwa moja" isikudanganye: ndege inaweza kutua njiani na namba yake ikabaki ileile. Uliza inatua mara ngapi. Ukiunganisha ndege kwa tiketi mbili tofauti, jipe saa nne au zaidi, maana ya pili ikikuacha ni shauri yako. Dawa ziwe begi la mkononi. Inuka utembee, miguu isivimbe. Anwani ya unakofikia iandike kwenye karatasi, simu huzima. Na kalamu; fomu zikigawiwa, hakuna anayekuazima.