Mayai ya mbuzi kutoka machinjioni: ubora huamuliwa kabla ya maabara

Mbuzi jike bora wa maziwa akivunjika mguu au akizeeka, hupelekwa machinjioni na ukoo wake unaishia hapo. Si lazima uishe. Ovari zake mbili bado zina mayai yanayoweza kupevushwa maabara, kutungishwa kwa mbegu za beberu aliyechaguliwa, kisha viinitete (mimba changa kabisa) vikapandikizwa kwa mbuzi wengine. Mtafiti Hanada wa Japani aliripoti mwanambuzi wa kwanza wa utungishaji wa nje ya mwili mwaka 1985, na katika miaka ya 1990 walizaliwa pia wale ambao mayai yao yalipevushwa maabara.

Niseme wazi: kwa mfugaji wa Mgeta mwenye mbuzi wa Kinorwe, au wa Meru mwenye Toggenburg, hatua ya kwanza bado ni kubadilishana mabeberu na kutumia uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu za dume kwa mrija. Hizo ni nafuu zaidi. Maabara ya mayai ni kazi ya vyuo na vituo vya utafiti, lakini haiwezi kufanikiwa bila mfugaji, mchinjaji na ofisa mifugo anayebeba ovari. Mayai mengi huharibikia mikononi mwa hawa watatu, na hakuna dawa ya maabara inayoyafufua.

Tuanze zizini. Yai hukua kwa miezi kadhaa ndani ya ovari kabla halijawa tayari, kwa hiyo njaa ya kiangazi huonekana baadaye, hata kama mbuzi amekwisha kunenepa. Mbuzi wa kutoa mayai awe na mwili wa wastani, apewe madini, atibiwe minyoo, na historia yake ijulikane. Aliyewahi kutupa mimba asitumike mpaka apimwe brusela, ugonjwa wa kutupa mimba ambao humwambukiza hata binadamu. Yeyote anayeshika viungo vya uzazi avae glavu.

Machinjioni, muda na joto ndiyo kila kitu. Andaa mapema chupa ya chai yenye maji safi ya chumvi ya asilimia 0.9, ya dripu, yaliyowekwa penisilini na streptomaisini na kupashwa hadi nyuzi 35 hivi. Ovari zikatwe mara tumbo linapofunguliwa, zisuuzwe damu, zitumbukizwe humo, na zifike maabara ndani ya saa nne. Usiziweke kwenye barafu kama nyama: baridi kali huharibu yai la mbuzi. Kila mbuzi awe na chupa yake yenye namba ya hereni. Ukizichanganya, utapata wanambuzi usiojua mama yao, na thamani yote ya ukoo imepotea.

Maabara, ovari huondolewa mafuta na kusuuzwa tena. Vifuko vya majimaji vinavyobeba mayai kwenye ovari vinavyotafutwa ni vya milimita 2 hadi 6. Mayai ya vifuko vidogo zaidi mara nyingi hayajakomaa kiasi cha kuendelea. Kunyonya kwa sindano ni safi, lakini kuikata ovari kwa wembe ndani ya kisahani chenye majimaji ya kushikia mayai hutoa mayai mengi zaidi, na kwa ovari ndogo ya mbuzi mimi napendelea njia hiyo. Chini ya hadubini, chagua yai lenye tabaka kadhaa za seli zilizoshikana vizuri kulizunguka na rangi iliyoenea sawasawa ndani. Yai lililo uchi liache, hata kama ni la mbuzi uliyempenda.

Kupevusha huchukua saa 24 hadi 27 katika nyuzi 38.5, kwenye hewa yenye asilimia 5 ya kabonidayoksaidi na unyevu wa kutosha. Majimaji ya kupevushia yawe na homoni na seramu, na yakae ndani ya inkubeta (kabati la joto la maabara) angalau saa mbili kabla ya kuweka mayai ili joto na uchachu vitulie. Usiamini namba ya mlangoni mwa inkubeta peke yake. Weka kipimajoto chako ndani. Umeme hukatika, na bila jenereta au betri usianze kabisa. Yai lililopevuka utaliona seli zake zimetawanyika na kunata kama ute.

Mbegu za beberu nazo zina tabia yake. Majimaji yake ya asili yana kimeng'enya kinachogombana na kiini cha yai la kuku kinachotumika kuzihifadhi, hivyo mbegu huoshwa kwanza. Chagua zile zinazoogelea zenyewe kwenda juu, ziwe kama milioni 1 hadi 2 kwa mililita, na tumia heparini, kemikali ya kuziandaa ziweze kuingia kwenye yai. Ziache na mayai kwa saa 18 hadi 22.

Viinitete vilivyotungishwa hukua wiki moja hivi, na vingi havifiki mwisho. Usimwahidi mfugaji idadi. Mlango wa kizazi wa mbuzi ni mwembamba wenye mikunjo, kwa hiyo upandikizaji hufanywa na daktari wa mifugo kwa upasuaji mdogo. Mbuzi mpokeaji awe amewahi kuzaa na kulea vizuri, na joto lake la kutaka dume lilinganishwe kwa sponji ya homoni inayowekwa ukeni, lisipishane na umri wa kiinitete zaidi ya siku moja. Mpime mimba kwa ultrasaundi kuanzia siku ya 35, umtenge na mabeberu, na andika tarehe: mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, na mwanambuzi akizaliwa avishwe hereni siku hiyohiyo kabla hajachanganyika na wengine.