Kukusanya Maneno Yenye Herufi Zilezile
Ukipewa swali lisilo wazi, kama vile “tafuta maneno yanayofanana”, amua kwanza kufanana ni nini, na uamuzi huo uuandike juu ya programu. Tuseme ni kuwa na herufi zilezile kwa idadi ileile. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, fungua kamusi tupu, yaani hifadhi ambamo kila ufunguo (jina la kutafutia) hushika orodha yake. Kisha, kwa kila neno, geuza herufi kubwa ziwe ndogo, zipange zote kialfabeti ili upate ufunguo, na uliongeze neno hilo kwenye orodha ya ufunguo huo, hivi kwamba mali, mila, lima na hata imla yataangukia “ailm”. Kulinganisha maneno 10,000 mawilimawili kungehitaji takribani ulinganisho milioni 50, ilhali hapa maneno yote hupitiwa mara moja tu. Mwishowe, toa makundi yenye zaidi ya neno moja.