Kipindi cha nazi: kuwafundisha watoto wa chekechea kwa mikono kwenye makumbusho

Mtoto wa miaka minne ukimfikisha mbele ya kabati la kioo, hubandika viganja vyote viwili kwenye kioo. Anataka kushika. Maelezo ya ukutani hawezi kuyasoma, na ukimwambia Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, umemwambia namba tu. Kwake hata juzi ni mbali. Lakini mwambie “bibi yake bibi alikunia nazi kwa kitu hiki”, kisha mpe afanye kazi, naye ataelewa na atakwenda kusimulia nyumbani.

Mwongozo huu ni wa kipindi kimoja cha dakika 40, kwa watoto wa miaka minne hadi sita, kinachohusu nazi na vyombo vyake. Unafaa makumbusho yoyote ya pwani yenye mbuzi ya kukunia na vyombo vya jikoni kwenye maonyesho yake.

Vyombo vya kushika vinunuliwe vipya sokoni. Usitoe vilivyosajiliwa kwenye mkusanyo wa makumbusho, hata kama stoo imejaa. Kuvunjika ni sababu moja, ila iliyo kubwa zaidi ni sumu: wanyama na ndege waliokaushwa zamani mara nyingi walihifadhiwa kwa dawa zenye aseniki, na vikapu vya zamani huenda vilipuliziwa dawa kali za wadudu. Kwa macho huwezi kujua kipi ni salama, na mtoto wa umri huu hupeleka mkono mdomoni kila mara.

Kwa watoto 15, katika vikundi vitatu vya watano, andaa mbuzi moja, vifumbu vitatu (mifuko ya kusukwa ya kukamulia tui), pawa tatu, nyungo tatu, mabakuli mapana matatu na mikeka mitatu. Nazi kavu chukua nne, kwa sababu moja huweza kuwa imeoza ndani. Ongeza vifuu sita vilivyopigwa msasa ukingoni, maana kifuu kilichovunjwa tu hukata kiganja. Weka pia ndoo ya maji yenye bomba, sabuni na taulo karibu na mlango. Glavu hazihitajiki: zinaondoa hisia ambayo ndiyo somo lenyewe.

Kila kikundi kiwe na mtu mzima mmoja. Darasa likija na watoto 40, usiwaingize wote pamoja hata mwalimu akisihi. Waingie kwa zamu, wengine wacheze nje wakiwa na wasaidizi. Kikundi cha watoto 13 kwenye kifumbu kimoja kinamaanisha watatu wanafanya kazi na kumi wanasubiri, na hapo ndipo kusukumana na kilio huanzia.

Wiki moja kabla, mwombe mwalimu aulize wazazi kuhusu mzio wa nazi. Panga kipindi saa tatu na nusu asubuhi, watoto wakiwa wameshakunywa uji na kwenda chooni.

Anza na nazi nzima, haijavunjwa. Ipite mkono kwa mkono: waitikise wasikie maji, watafute macho yake matatu, wanuse. Dakika saba zinatosha. Usianze kwa kuuliza “hiki ni nini?” Swali hilo lina jibu moja, mtoto mchangamfu atalijibu na wengine 14 watanyamaza. Uliza: ni nzito au nyepesi? Ndani kuna nini? Nyumbani kwenu nani anashika kitu kama hiki? Wengi watataja mashine ya sokoni au tui la paketi. Pokea majibu hayo kwa heshima na uweke paketi moja mkekani, kando ya nazi, walinganishe.

Kisha vunja nazi na ukune wewe mwenyewe. Watoto wakae nyuma ya ukingo wa mkeka, si chini ya mita moja na nusu kutoka kwenye mbuzi. Waache wasikilize ule mkwaruzo na watazame nazi ikidondoka kwenye ungo. Wewe ukune nusu kifuu tu. Nyingine ziwe zimekunwa mapema, kwa sababu zaidi ya dakika tano za kutazama tu ni nyingi mno. Ukimaliza, funika chuma chake chenye meno kwa kitambaa kizito, funga kamba, na uiondoe mbuzi chumbani kabisa. Ikibaki pembeni, kuna atakayeikalia.

Kukamua ndiyo kiini cha kipindi, na kupewe dakika 15 nzima. Kila kikundi kipate nazi moja iliyokunwa na vikombe viwili vya maji ya vuguvugu. Maji baridi hayatoi tui vizuri, na ya moto huunguza. Kunjeni mikono ya nguo. Mtoto mmoja anamimina maji kwa upawa, wawili wanakamata kifumbu, mmoja kila mwisho, na kukisokota kwa kupingana. Mwanzoni hutoka matone tu, halafu tui linapenya kwenye ukili (msuko wa majani) na kutiririka hadi viwikoni. Badilishaneni zamu baada ya kila misokoto mitatu. Kosa la kawaida hapa ni la watu wazima: mwalimu anaona tui halitoki, anakinyakua kifumbu na kukamua mwenyewe. Mwombe mapema asifanye hivyo. Tui jepesi la mikono midogo ndilo linalotakiwa.

Tui hilo lisinywewe, limepita mikono mingi mno. Kwa kuonja, mtu mzima aandae kando machicha na tui safi, kijiko kimoja kwa kila mtoto. Baada ya saa mbili kwenye joto la pwani, mwaga kilichobaki, kwani tui huchacha haraka.

Kelele zikizidi, usipaze sauti. Ita “Kitendawili!” nao wataitikia “Tega!” na kukutazama.

Maliza kwenye maonyesho, mikono ikiwa imeoshwa. Wapeleke mbele ya mbuzi ya zamani iliyo kwenye kabati, moja tu, na uwaache waitambue wenyewe. Usijaribu kutembelea chumba kizima. Baada ya dakika tano hapo, waage.

Ukitaka kuongeza mchezo wa bao, tahadhari: kete za komwe, zile mbegu ngumu, hupenya kooni. Kitu chochote kinachoingia kwenye bomba la katikati ya karatasi ya chooni kisiwekwe mbele ya watoto hawa. Shanga na kauri ndogo nazo ni hivyo hivyo.

Baadaye, osha vifumbu kwa maji ya moto na sabuni, vianike juani mpaka vikauke kabisa. Kifumbu chenye unyevu hufanya ukungu haraka, na harufu ya nazi huita mende na sisimizi. Ndiyo maana vyombo hivi visilale kamwe chumba kimoja na mkusanyo. Vya ukili vilivyotoka sokoni, kabla havijaingia ndani ya jengo, vifunge kwenye mfuko wa plastiki na uviweke kwenye friza ya nyuzi −20 kwa wiki mbili, ili wadudu na mayai yao wafe.